Swichi ya taa za breki, Beetle ya 1965: niweke ya presha au ya pedali?

Kobe65, Nyegezi
Mwangaluka wakuu. Volkswagen Beetle niliyorithi kwa babu, taa za breki haziwaki mpaka nikanyage kama naua nyoka. Juzi nateremka Bugando hapa Mwanza, bodaboda wa nyuma kanikosa chupuchupu. Matusi niliyokula siyaandiki hapa. Nimechomoa waya mbili za swichi pale kwenye masta silinda (pampu kuu ya mafuta ya breki), nikazigusanisha funguo ikiwa oni, taa zikawaka. Kwa hiyo balbu na fyuzi viko sawa, mgonjwa ni swichi. Niagize ya presha kama ya kiwandani, inayowashwa na msukumo wa mafuta ya breki, au nihamie ya pedali, inayovutwa na pedali yenyewe? Gari nilishaibadilisha toka volti 6 kuwa volti 12.

Mzee wa Kirumba
Ya presha, kijana. Gari la kizamani liache kama lilivyozaliwa. Fungua, funga, toa upepo kwenye breki, umemaliza.

Dereva Buswelu
Shikamoo mzee. Mimi za presha nimebadilisha tatu ndani ya miaka miwili, zote mpya za kwenye boksi, zimekuja kwa basi toka Gerezani, Dar. Ya mwisho imedumu wiki tatu.

Fundi Umeme Igoma
Marahaba kwa niaba ya mzee, haha. Dereva, inayoua hizo swichi ni mzigo. Balbu mbili za wati 21 ni wati 42, kwa volti 12 ni ampea 3.5, na zote zinapita kwenye kinasa kidogo kinachounganisha umeme ndani ya swichi. (Kobe angebaki na volti 6 zingekuwa 7.) Kila ukikanyaga kinaungua kidogo, ndiyo maana baadaye inadai presha kubwa. Weka rilei, yaani swichi kubwa inayoamshwa na umeme mdogo: swichi ya breki iamshe koili yake tu, ncha namba 85 na 86, umeme wa taa upite ncha 30 kwenda 87. Hapo hata ya presha itakaa.

Lakini gari lingekuwa langu ningeweka ya pedali. Ya presha inasubiri mafuta yasukumwe kwanza. Ya pedali inawasha mguu ukigusa tu. Halafu paipu ikipasuka, presha hakuna, na taa hakuna. Siku ambayo breki zimekufa ndiyo siku unayotaka wa nyuma ajue!

Chukua ile swichi ya breki ya nyuma ya pikipiki, yenye springi. Iko kila duka la vipuri vya bodaboda. Tengeneza kibati, springi ivute na pedali. Ila nayo imeundwa kwa balbu moja, kwa hiyo rilei usiiruke.

Mzee wa Kirumba
Kibati kwenye Beetle ya 1965. Haya. Dereva, unatumia mafuta gani ya breki? Kama ni DOT 5, yale ya silikoni, wenye magari ya zamani wengi wanayalaumu kwa kuua swichi za presha.

Dereva Buswelu
...Ni hayo hayo mzee.

Kobe65, Nyegezi
Mrejesho. Nimefunga ya bodaboda na rilei. Siku ya kwanza nilikaza springi kupita kiasi, taa zikakesha, asubuhi betri imelala. Nimelegeza nati kidogo, sasa zinawaka kabla breki hazijaanza kushika. Mzee usinune: ya presha sikuing'oa, iko palepale kwenye masta bila waya, inaziba tundu. Haivuji.

Mzee wa Kirumba
Hapo sawa. Kibati kipake rangi nyeusi.