Mpo Njombe, chai imewazunguka kila upande, halafu mnatuuzia maji ya uvuguvugu!

Wakuu, leo nina hasira na sifichi.

Nimeamkia lodge moja pale Njombe mjini. Baridi ya kule mnaijua. Naagiza chai ya rangi, inaletwa chupa, kikombe na kile kijimfuko chenye uzi. Namimina maji, hata mvuke hakuna. Kijimfuko kikaelea, kimetuna kama chura, uzi na kikaratasi chake vimetumbukia humo humo. Dakika tano nzima, rangi ni ya maji ya mvua yaliyopita kwenye bati lenye kutu. Namwita mhudumu, ananijibu bila wasiwasi: "Bosi, hayo yalichemshwa, tena jana usiku tu."

Jana usiku!

Mimi ni mtoto wa Lupembe. Mama yangu kachuma chai miaka, kapu mgongoni, majani mawili na chipukizi, ukichanganya na magumu unagombezwa kwenye mizani. Jasho lote lile liishie kwenye maji yaliyolala?

Nyie wa lodge, Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko maji yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, hayafiki 100 kama ya Dar. Yaani hata yakitokota tayari yana upungufu, nyie mnayalaza tena kwenye chupa. Majani yatatoa nini hapo?

Nunueni majani ya pakiti. Birika lisuuzwe kwa maji ya moto lisije likanyonya joto, kijiko kidogo kimoja kwa kila kikombe. Maji yakitokota mimina hapo hapo, funika, subiri dakika nne au tano, chuja. Haya ya punjepunje yanatoa rangi upesi, yale marefu yaliyosokotwa yanataka muda zaidi. Na mnaoacha majani yatokote jikoni toka alfajiri mpaka saa nne msicheke, yenu inakwangua ulimi. (Tangawizi chemsheni mnavyotaka, sina ugomvi nayo.)

Elfu tatu nimelipa na chai nikaiacha mezani. Nikaenda kwa mama mmoja stendi, chujio lake limeungua mpini, kikombe cha bati. Mia tatu. Nilishindwa kukishika kwa moto.

Jumanne narudi Njombe. Nani anajua lodge wanakochemsha maji asubuhi?