Debian na LXDE: skrini inazimika yenyewe kila dakika kumi, nami sitaki kuigusa

MamaVifaranga (Bahati, Nakuru)

Hamjambo wote. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, Pentium 4 yenye RAM ya gigabaiti 1. Kijana wangu aliiwekea mfumo wa Debian 12 na LXDE, eneo-kazi lake jepesi, kwa sababu Windows ilikuwa imeilemea kabisa. Kazi yake ni moja, mchana na usiku: kuonyesha joto na unyevu wa mashine yangu ya kuangulia mayai. Ndani ya mashine kuna kihisi cha DHT22 kilichounganishwa na ubao mdogo wa Arduino Uno, na waya wa USB unaleta namba kwenye programu fupi ya Python. Namba zinatokea kubwa kabisa, kijani juu ya weusi, nami nazisoma nikiwa nje kupitia dirisha la chumba.

Nasoma nikiwa nje kwa sababu chumba ni kidogo, na mlango ukifunguliwa baridi ya Bahati inaingia yote. Wanaoijua Julai ya huku wananielewa. Siku 18 za kwanza nataka joto likae 37.5 na unyevu kati ya 50 na 55. Siku tatu za mwisho ndizo zinazoninyima usingizi. Mayai hayageuzwi tena, unyevu unapanda hadi 65 au 70, na mashine haifunguliwi ovyo. Unyevu ukitoroka wakati kifaranga ameshatoboa ganda, utando unamkaukia mwilini na anafia humo humo. Nimewaona wakifa hivyo na inauma.

Sasa hii skrini. Zikipita kama dakika kumi bila mtu kugusa maus, inakuwa nyeusi. Kompyuta inadhani hakuna mtu, kumbe nipo dirishani naitazama. Inabidi nifungue mlango niingie nitikise maus, jambo lile lile ninalolikimbia.

Nilipata maelezo mahali, nikaandika hivi kwenye terminali:

```
xset s off
xset -dpms
```

Ilikubali bila neno lolote. Baadaye skrini ikazimika vile vile, na nilipouliza kwa `xset q` ikanijibu "DPMS is Enabled", yaani ile ya kuzima skrini bado iko kazini, wakati mimi ndiye niliyeizima! Mayai yaliyomo safari hii mengi ni ya watu, kuna akina mama wa chama wameleta ya kienyeji wakaniamini. Tafadhali nielekezeni kwa maneno ya kawaida, mimi ni mfugaji.

---

fundi_kondele (Kisumu)

Pole mama, na heko kwa kazi. Amri ulizoandika ni sahihi, ila kuna mwingine anayezifuta nyuma yako.

Kwenye mashine yako kuna wawili wanaoweza kuzima skrini. Wa kwanza ni X yenyewe, ile inayochora madirisha. Hiyo kwa kawaida inahesabu sekunde 600, ndizo dakika zako kumi. `xset` inazungumza na huyo. Wa pili ni programu inayoitwa xscreensaver, ambayo LXDE ya Debian huiwasha kila unapoingia. Huyu ana daftari lake mwenyewe, faili la `~/.xscreensaver`, na akiamka anaipanga DPMS upya kufuata daftari hilo, hata kama wewe umeshaizima. Ndiyo maana `xset q` ilikujibu vile.

Hakikisha kwanza kama yupo:

```
pgrep -a xscreensaver
```

Jina likitokea, mtoe kazini kwa `xscreensaver-command -exit`, kisha rudia zile amri zako mbili. Hapo skrini itabaki inawaka, lakini mpaka utakapozima kompyuta tu. Ili idumu, nakili orodha ya vitu vinavyoanza pamoja na LXDE uiweke nyumbani kwako:

```
mkdir -p ~/.config/lxsession/LXDE
cp /etc/xdg/lxsession/LXDE/autostart ~/.config/lxsession/LXDE/
```

Fungua hiyo nakala kwa kihariri chochote. Utaona mstari wa `@xscreensaver -no-splash`. Ufute. Chini kabisa ongeza:

```
@xset s off
@xset s noblank
@xset -dpms
```

Usiandike faili jipya tupu lenye mistari hii mitatu peke yake. LXDE ikikuta faili nyumbani kwako inaacha kusoma lile la mfumo, kwa hiyo mistari ya lxpanel na pcmanfm isipokuwemo utawasha kompyuta ukute menyu imepotea na eneo-kazi ni tupu. Wateja wameniletea mashine za hivyo wakidhani zimekufa.

Na mtu akikwambia uongeze `consoleblank=0`, hiyo ni ya skrini ya maandishi matupu, ile ya kabla LXDE haijaamka. Kwako haitasaidia.

---

mwl_kakamega

Mimi kwa darasa langu huwa natumia xdotool, inasukuma maus kidogo kila dakika nne. Inafanya kazi kwa mfumo wowote, huhitaji kujua nani anazima nini.

---

fundi_kondele (Kisumu)

Mwalimu, kwa somo la dakika arobaini sawa, upo hapo darasani na ikikwama unaiona. Kwa mashine ya mayai inayokaa siku 21 siipendekezi. Ni programu nyingine ya kulinda kwenye RAM ya gigabaiti 1, na siku ikianguka usiku wa manane mama atarudi pale pale. Chanzo kikijulikana ni afadhali kukiondoa.

---

kuku_barut (Nakuru)

Dada, mimi pia naangua, niko Barut. Ya kompyuta nawaachia mafundi, nataka kusema juu ya mayai.

Skrini inakusaidia ukiwa umeiangalia. Saa tisa usiku ukipitiwa na usingizi, joto likafika 39, itaonyesha 39 kwa uzuri kabisa na hakuna atakayejua. Joto la kuzidi ni baya kuliko la kupungua. Yai linavumilia kupoa kidogo kwa muda mfupi, lakini kupikika halivumilii. Weka kengele. Na usiiweke kwenye kompyuta. Funga kibaza kidogo kwenye hiyo hiyo Arduino, kilie joto likipita 38.3 au likishuka chini ya 36.5. Arduino isitegemee USB ya kompyuta peke yake, maana kompyuta ikizimika nayo inazimika. Uno ina tundu la umeme pembeni linalokubali volti 7 hadi 12, tafuta adapta uichomeke kwenye laini ya inveta kama unayo.

Pia weka kipima-joto cha kawaida ndani, mahali kinaposomeka kupitia kioo cha mashine. Kihisi nacho kinaweza kudanganya kikishapata mvuke na vumbi la manyoya.

---

Akinyi_Milimani (Kisumu)

Nyongeza kwa watakaofika hapa wakiwa na Raspberry Pi badala ya kompyuta ya mezani: tangu Oktoba 2023 mfumo wake kwenye Pi 4 na Pi 5 unatumia Wayland badala ya X, na huko `xset` haina nguvu. Fungua `sudo raspi-config`, ingia "Display Options", kisha "Screen Blanking", ukatae. Basi.

Mama, jambo moja kuhusu kioo. Programu hizi za kufunika skrini zilitokana na vioo vile vinene vya zamani, ambavyo picha ikikaa sana ilichoma alama isiyotoka. Kioo bapa hakichomeki namna hiyo, lakini namba zikikaa mahali pamoja siku nyingi huweza kuacha kivuli. Mwambie kijana azifanye zihame kidogo, kushoto na kulia, kila baada ya dakika chache.

---

MamaVifaranga (Bahati, Nakuru)

Fundi wa Kondele, ubarikiwe. `pgrep` ilimwonyesha xscreensaver mara moja. Nimefuata hatua zote, nimeongeza na mstari wa programu yetu ya Python kwenye hiyo autostart ili ianze yenyewe, nikawasha upya. `xset q` sasa inasema "DPMS is Disabled", timeout ni 0, na tangu jana jioni kioo kinawaka. Usiku nimesoma namba kutoka dirishani bila kugusa mlango.

Dada wa Barut, kibaza kimeshanunuliwa, kijana anakifunga leo kabla sijafika siku ya 18. Hilo la 39 limenikaa moyoni.

Limebaki moja. Stima ikipotea, inveta inabeba mashine ya mayai, kompyuta sikuiweka huko kwa sababu inakula betri. Stima ikirudi, kompyuta inabaki imezimika, na hata nikiiwasha inasimama pale pa kuandika nywila. Kuna namna ya kuipita hiyo bila kuingia chumbani?

---

fundi_kondele (Kisumu)

Ipo, ila inataka kugusa sehemu mbili.

Kwanza BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla Debian haijaamka. Iwashe ukibonyeza F2 au Delete, tafuta kwenye mambo ya umeme mstari unaosema "AC Recovery" au "Restore on AC Power Loss", uweke "On". Stima ikirudi itajiwasha.

Pili nywila. Fungua `/etc/lightdm/lightdm.conf` ukiwa na sudo, tafuta sehemu iliyoandikwa `[Seat:*]`, na chini yake weka:

```
autologin-user=jina_lako
```

Badala ya jina_lako andika jina unaloingilia. Kwa kuwa hapo hakuna tena nywila, kompyuta hiyo isiwe na M-Pesa wala barua pepe zako. Iachie mayai.

Kisha itazame saa yake. Ikiwa kila stima ikipotea inarudi na tarehe ya miaka ya nyuma, betri ile ndogo ya duara kwenye ubao imekwisha, na hata mpangilio wa BIOS utapotea nayo. Imeandikwa CR2032. Maduka ya saa pale mjini Nakuru wanayo, badilisha kabla ya kugusa BIOS.