Kuzuia HDAC: butireti, TSA au vorinostati?

mvuvi_wa_seli (Bagamoyo)
Wadau, habari za leo. Nataka kujua protini zipi kwenye seli zinaongezeka asetili (kikundi kidogo cha kemikali kinachobandikwa kwenye protini) nikizuia HDAC, yaani vimeng'enya vinavyoing'oa. Nimebaki na majina matatu ya vizuizi: butireti ya sodiamu, TSA (trikostatini A) na vorinostati. Hela ni ya kuungaunga, na umeme wa huku unakatika bila hodi. Nianze na ipi?

shangazi_pipeti
Butireti. Bei chee, inayeyuka kwenye maji. Mimi naweka milimola 5, nalala, asubuhi histoni, zile protini zinazozungushiwa DNA, zinawaka kwenye bloti (kipimo cha kuonyesha protini). Ila harufu! Chumba kizima kinanuka samli iliyochacha. Mlinzi wetu alishaniuliza nani kasahau kiporo.

raskazoni_lab (Tanga)
Shangazi, kijana kasema protini, hakusema histoni. Butireti karibu haiigusi HDAC6, mmoja wa ukoo wa HDAC, na hiyo ndiyo hasa inayong'oa asetili ya tubulini, protini ya kiunzi cha seli. Atapima, tubulini itakaa kimya, ataandika kwenye daftari kwamba haibadiliki. TSA inaizuia kwa nanomola mia chache tu, vorinostati kwa maikromola chache.

shangazi_pipeti
Hapo kwenye tubulini nimenyoosha mikono. Na umeme ukikatika, TSA yake ya bei mbaya?

raskazoni_lab
Aigawe siku ileile inapofika, mikrolita 10 kila kichupa, akishatumia kimoja anatupa. Mimi nilijifanya mjanja nikabaki na chupa moja, leo naiyeyusha, kesho naigandisha. Wiki ya tatu bloti nyeupe pee.

mzee_DMSO
Kama mwisho wa safari ni dawa, vorinostati tayari ni dawa: Marekani waliipitisha 2006 kwa limfoma ya seli T ya ngozi. Na msiache seli za kulinganishia zilizowekwa DMSO tupu, kile kiyeyushi cha TSA na vorinostati. Mwaka 1971 Charlotte Friend na wenzake walionyesha DMSO peke yake inazifanya seli za leukemia ya panya zianze kutengeneza himoglobini. Watu wakaanza kusaka molekuli zenye nguvu kuliko hiyo, ndiyo ikazaliwa vorinostati. Kiyeyushi kile si maji.

Halafu wote mmesahau sirtuini, kundi jingine la vimeng'enya vinavyong'oa asetili. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayozizuia. Ongeza nikotinamidi, hiyo ndiyo inazizuia.

mvuvi_wa_seli
Nikotinamidi ninayo kabatini, kumbe! Basi butireti kwanza, nizoeshe mkono na histoni. Vorinostati naagiza kwa ajili ya tubulini. TSA ngoja kwanza.

shangazi_pipeti
Dirisha lifungue kabla ya kopo, mwanangu.