Seva dukani, wingu la nje au seva za kukodi hapa Dar: kipi kinalipa?

MamaVipuri: Wakuu, salaam. Nauza vipuri vya pikipiki jumla Kariakoo, stoo iko Temeke. Vijana wawili wananitengenezea programu nione mzigo kwenye simu. Mmoja anasema ninunue seva, yaani kompyuta ya kutunzia data, niiweke dukani, mwenzake anasema nikodi kwenye wingu, yaani kompyuta za kampuni nyingine kupitia intaneti, nilipe kila mwezi. Sasa hivi natumia daftari na Excel moja ambayo binti wa kaunta alishaifuta bahati mbaya. Nishike lipi?

FundiBuguruni: Mama, seva ya dukani usiiguse. Juzi nimefungua moja, walikuwa wameiweka chini ya kaunta jirani na chupa ya chai. Feni imejaa vumbi kama sufi, betri ya UPS, ile ya kushikilia umeme ukikatika, imevimba. Nikauliza nakala ya akiba iko wapi. Iko kwenye flashi. Flashi yenyewe imechomekwa kwenye seva hiyohiyo!

Kijana_Mikocheni: Sisi tunasambaza oda za chakula, tuko kwenye wingu la nje. AWS, wingu la Amazon, wana kituo Cape Town tangu 2020, kwa hiyo si lazima data iende Ulaya. Utamu wake ni wiki ya Idi: oda zikifurika unaongeza nguvu kwa dakika chache. Ila tulisahau kuipunguza sikukuu ilipoisha. Bili ya mwezi ule nililipa huku natafuta pa kukaa.

MzeeWaHesabu: Na bili hiyo ni ya dola. Mwaka 2024 dola ilivuka shilingi 2,600, wakati mteja wa Kariakoo analipa shilingi ileile. Uliza na habari ya VAT asilimia 18 kabla hujaweka kadi.

Dada_Nyaya: Mmesahau Mei 12, 2024? Jumapili ile nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kwa mpigo, intaneti ikawa ya kubahatisha. Ukikodi seva hapa Dar, na mtoa intaneti wako anabadilishana data na wenzake pale TIX, kituo cha hapa nchini cha kuunganisha watoa intaneti, habari za duka lako hazina sababu ya kupita baharini.

Kijana_Mikocheni: Sawa dada, ila hao wa hapa ukiwapigia saa nane usiku nani anapokea?

Dada_Nyaya: Hapo umenishika. Mama, wapigie usiku kabla hujalipa, uone. Halafu daftari la madeni lina majina na namba za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi tangu Mei 2023, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi kuna masharti yake.

FundiBuguruni: Kubwa kuliko yote, waambie hao vijana programu iuze hata mtandao ukiwa haupo, kisha itume mauzo yenyewe mtandao ukirudi. Bila hiyo, popote utakapoiweka, foleni itakusubiri kaunta.

MamaVipuri: Nimeelewa. Nakodi hapa Dar, nakala ya kila usiku inakwenda kwenye wingu, na hela ya mwisho siwapi mpaka wachomoe waya wa intaneti mbele yangu na risiti itoke. Fundi, kumbe hata UPS ya kompyuta yangu imevimba ubavuni. Nifanyeje?

FundiBuguruni: Izime sasa hivi, usiibonyeze wala usiitoboe. Nakuja kesho asubuhi, soko halijachangamka.