Eneo la wazi likiuzwa, mwenye haki ya kushtaki ni nani?

Mzee wa Makulu: Wakuu, uwanja wa watoto mtaani kwetu umezungushiwa mabati. Kwenye ramani ni eneo la wazi. Kibao kinasema MALI BINAFSI, rangi haijakauka, imemchafua mjukuu wangu kiganja. Mtu mmoja anaweza kushtaki kwa niaba yetu sote?

Wakili Njaa: Ibara ya 26(2) ya Katiba inampa kila mtu haki hiyo. Jaji Lugakingira aliisimamia hapahapa Dodoma 1994, kesi ya Mchungaji Mtikila aliyetaka mgombea binafsi, asiye na chama, aruhusiwe. Tatizo lilikuja na marekebisho ya sheria ya 2020: yalitaka anayedai haki za msingi aape kwamba ameathirika yeye binafsi. Ukiishtaki serikali kwa kesi ya kawaida, kuna notisi ya siku 90. Siku 90 fundi ameshafunga lenta.

Kidawa Ilazo: Watu wa Dodoma nao! Ukimnyang'anya kiwanja anakupikia mlenda, ushibe ndiyo ujenge.

Mbukwenyi: Mlenda umeingiaje hapa? Wewe umekuja na lori la wizara juzi, leo unatufundisha ukali.

Kidawa Ilazo: Nimekuja 2017 na nalipa kodi ya jengo. Utani tu, kaka.

Mbukwenyi: Utani una watani wake. Sisi si watani.

Fundi Saa: Huyo Mtikila si alishinda? Mgombea binafsi yuko wapi?

Wakili Njaa: Alishinda, Bunge likabadilisha Katiba. Akashinda tena Mahakama ya Afrika, Arusha, 2013.

Fundi Saa: Basi. Unashinda mara mbili halafu unarudi kukaa. Bora mkutano wa mtaa.

Mama Zabibu: Mkutano upi, mwenyekiti ndiye kasaini? Wakili, si kuna kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa halmashauri na kuutengua?

Wakili Njaa: Ipo, mama. Unaanza kwa kuomba kibali cha mahakama, ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Uamuzi wenu ni wa lini?

Mzee wa Makulu: Nani anajua? Sisi tuliona mabati. Halafu hiyo ya kuathirika binafsi: anayecheza pale ana miaka saba. Aape yeye?

Mbukwenyi: Kidawa, huo mlenda umewahi kula ule wa kukausha, na karanga? Au unasikia tu?

Kidawa Ilazo: Nasikia tu.

Mbukwenyi: Jumapili pita Chang'ombe.

Mzee wa Makulu: Wakuu, tofali zinashushwa muda huu.