Tupeane uzoefu: rangi ya nembo isiyobadilika kwa kila mchapaji mmeipataje?

Ndugu zangu, mwaka jana chama chetu cha kuweka na kukopa kilichapisha karatasi za barua, kalenda na fulana kwa wachapaji watatu wa Dar es Salaam, na bluu ya nembo ikatoka kwa sura tatu: moja imefifia, nyingine zambarau kabisa, ya tatu karibu na nyeusi. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwapelekea picha niliyoichukua kwenye tovuti yetu, yenye rangi zilizopangwa kwa mwanga wa skrini, nikamwachia kila fundi aigeuze kuwa wino kwa namna aliyoijua. Sasa tunataka kuandika kiwango kimoja. Naomba mliokwisha kuifanya kazi hii mtueleze mlichoamua.

Mchangiaji wa Mwanza:
Mimi ni mchapaji. Hiyo zambarau naifahamu: bluu ikibeba majenta (wino wa waridi iliyokolea) inayokaribia kiasi cha sayani (wino wa bluu ya kijani), haikwepi kuishia huko, na sisi huacha tofauti ya asilimia 30 hivi kati ya hizo mbili. Ila njia ya uhakika ni namba ya Pantone, mfumo wa kutaja rangi kwa namba uliopo tangu 1963, ambapo wino huchanganywa kwa vipimo kabla ya kuingia mashineni, badala ya rangi kuundwa kwa vitone vya wino nne (sayani, majenta, njano na nyeusi) juu ya karatasi. Nilikuwa na mteja aliyetaka chungwa la Orange 021 kwa wino nne. Tulirudia sampuli mara tano, nalo likabaki limepooza, kwa sababu wino hizo hazilifikii. Kumbukeni pia kwamba namba yenye herufi C ni ya karatasi inayong'aa na yenye U ni ya bondi, inayofyonza wino. Namba ni ile ile, lakini jicho huona rangi mbili.

Mchangiaji wa Nairobi:
Naheshimu ushauri huo, lakini kwa kadi 500 wino wa kuchanganywa haulipi, na mashine nyingi za kidijitali hata haziutumii. Sisi tulianza upande wa pili: tulichagua rangi ambayo wino nne zinaiweza, ndipo tukatafuta namba ya Pantone inayoikaribia kwa ajili ya fulana.

Mchangiaji wa Mombasa:
Niliwahi kuidhinisha sampuli usiku, chini ya taa ya manjano, na asubuhi nikaikana saini yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo naangalia chini ya taa ya kelvini 5000, nyeupe kama mwanga wa mchana, wala siamini kitabu cha rangi kilichokaa dirishani miaka mingi, maana nacho hupauka. Jambo jingine: Adobe ilipoondoa maktaba nyingi za Pantone kwenye programu zake za usanifu mwaka 2022, baadhi ya faili zilifunguka rangi zikiwa nyeusi, kwa hiyo andikeni vipimo vya CMYK, yaani vya wino zile nne, kwenye waraka wenu.

Mwanzisha mada:
Nashukuru sana. Tumeamua Pantone 286 C kwa fulana, na kwa karatasi sayani asilimia 100, majenta 70, njano 0, nyeusi 0, pamoja na sampuli mbili zilizotiwa saini, ya bondi na ya karatasi inayong'aa, ambazo kila mchapaji atapewa nakala. Limebaki bango la turubai la nje, linalopigwa na jua la Temeke. Aliyewahi kulishughulikia atuambie alitumia vipimo vile vile au aliongeza wino.