Wakuu, kuna njia ya kweli ya kuifanya sauti iwe nzito? Nimechoka kuitwa dada kwenye simu

Mzee wa Spea:
Habari zenu wakuu, naomba tusichekane kwanza. Mimi ni mwanaume wa miaka 26, ndevu ninazo, mtoto mmoja ninaye, nauza spea za pikipiki hapa Mwanza na oda nyingi napokea kwa simu. Sasa mteja akipiga nikasema tu "haloo" anakuja na "samahani dada, mwenye duka yupo?" Wiki iliyopita kuna mmoja wa Sengerema tumeongea dakika kumi nzima habari za cheni na sproketi, mwisho wa siku ananiaga "haya asante mama". Mama!

Kama miezi miwili nyuma nikaingia YouTube nikakuta jamaa wanafundisha, unainamisha kidevu unaisukuma sauti chini kifuani halafu unaongea hivyo kutwa. Nikafanya. Asubuhi nikiamka kweli nakuwa na besi mpaka wife anashangaa, ila ikifika saa nne imeshayeyuka, na nikilazimisha basi jioni koo linawaka moto nabaki nanong'ona tu. Mmoja kaniambia ninywe mayai mabichi, mwingine eti nivute sigara. Aliyefanikiwa hili jambo anipe mazoezi.

Kidume cha Igoma:
Nimesoma uzi wote kichwani kwa sauti nyembamba 😂😂 mkuu shusha bei ya cheni uone kama kuna mtu atajali wewe dada au kaka.

Sauti ya Nne:
Wewe Kidume acha utoto, mwenzio ana shida.

Mkuu nafundisha kwaya mwaka wa tisa huu na vijana wa aina yako napokea kila mwaka, wanakuja wanataka kukaa besi kwa lazima kwa sababu wanaona sauti ya nne ndo ya wanaume. Nachowaambia ni kwamba chini ya sauti yako kuna sakafu na hiyo sakafu umezaliwa nayo, ni urefu na unene wa nyuzi za sauti, huwezi kuichimba. Ila watu wengi hawaongei karibu na sakafu yao, wanaongea juu darini bila kujua, kwa woga au haraka au kuzoea kupiga kelele dukani.

Fanya hivi. Funga mdomo, guna "mmm" kwenye noti unayojisikia vizuri, halafu shuka taratibu kama tunavyoshuka solfa, do ti la so fa, mpaka ufike mahali sauti inaanza kukwaruza kama mafuta ya chapati kwenye kikaango. Hapo ndo mwisho wako, usiongelee hapo! Panda noti tatu au nne kutoka hapo. Hicho ndo kiti chako. Sema namba ya simu yako ukiwa hapo, sema majina ya spea, dakika tano asubuhi dakika tano jioni basi. Na kidevu kiache mahali pake, ukikiinamisha unabana koo ndo maana linawaka.

Kitu kingine, hiyo "haloo" yako nakuhakikishia unaipandisha mwishoni kama unauliza. Ishushe. "Haloo." Mtu anakuhukumu kwenye hilo neno moja kabla hujasema la pili.

Mtoto wa Kaunda:
Mbona hata Margaret Thatcher wa Uingereza alifundishwa kushusha sauti, na akaja kuwa waziri mkuu 1979. Inawezekana mkuu komaa tu.

Nesi wa Zamu:
Asikomae popote. Thatcher alikuwa na mwalimu anamsikiliza, huyu kaka ana YouTube na maumivu.

Kaka yangu nipo kliniki ya masikio, pua na koo, nikujibu moja moja. Besi ya asubuhi si sauti mpya, ukilala nyuzi zinavimba kidogo na misuli inalegea, ukianza kuongea zinarudi saizi yake, ndo maana saa nne huioni tena. Mayai yanaenda tumboni, hayapiti kwenye nyuzi kabisa, kwa hiyo kula ukipenda ila yachemshe. Sigara kweli inashusha sauti, kwa sababu nyuzi zinavimba na kujaa majimaji, hiyo si sauti nzito ni ugonjwa, na saratani ya koo inaanzia hukohuko.

Hii ya kulazimisha sauti chini mpaka misuli inachoka ina jina kabisa, madaktari waliiita kwa majina ya waigizaji wawili wa Marekani, Humphrey Bogart na Lauren Bacall, maana walisifika kwa sauti nzito. Kwa hiyo hujaanza wewe.

Pumzisha koo siku kadhaa, na usinong'one, kunong'ona nako kunakaza. Kisha chukua mrija na glasi ya maji, uzamishe kama sentimita mbili, vuta pumzi ya tumboni upulize huku unaguna "uuu" mapovu yatoke, dakika tatu mara kadhaa kwa siku. Inalegeza. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili tatu nenda ukachunguliwe. Na ukiwa na kiungulia cha usiku sema, asidi ikipanda inaunguza hapohapo.

Simu Haijakatwa:
Mimi nilikuwa mbaya kuliko wewe. Wenzangu walivunja sauti form two, mimi nimefika 21 naongea kama mtoto wa darasa la nne na ndevu hizo hapo. Nikapelekwa hospitali nikijua nitapasuliwa. Daktari akaniweka kidole kwenye kikoromeo akakisukuma chini na nyuma kidogo, akasema kohoa, haya malizia na "aaa". Ikatoka sauti nene nikageuka kuangalia nani kaingia!! Kumbe kikoromeo kilishakua kitambo ila misuli ilizoea kukivuta juu. Nikarudi kama mara nne hivi, mazoezi ya kusoma kwa sauti, ikakaa moja kwa moja.

Nikampigia mama kumpa habari njema akakata. Nikapiga tena akaniambia "hiyo hela nimeshatuma kwenye namba nyingine, mwizi mkubwa wewe". Ilibidi nimtaje bibi mzaa baba na ng'ombe wake ndo akaamini.

Kwa hiyo mkuu kama tangu utoto haikuwahi kuvunjika, nenda hospitali. Kama ilivunjika ila ni nyembamba tu, fuata huyo mwalimu wa kwaya.

Fundi Mitambo:
Nimekaa studio za redio miaka mingi niongeze moja. Simu ya kawaida inakata mitetemo ya chini ya 300 kwa sekunde, na sauti ya mwanaume inaanzia kama 100 na kitu, yani kile kifua chote kinabaki kwako. Ubongo wa msikilizaji unajazia, ila mwenye sauti nyembamba ndo anaumia zaidi. Mpe mteja WhatsApp kol usikie tofauti. Na msiwaonee wivu watangazaji, ukisogeza mdomo karibu na maiki ile besi inaongezeka yenyewe, wakitoka nje wengine wanaongea kama mimi na wewe.

Halafu usijipime kwa voisi noti yako mwenyewe, kila mtu akijisikia anaona nyembamba, maana ukiongea unajisikia na kupitia mifupa ya kichwa.

Mzee wa Spea:
Asanteni sana aisee. @Simu Haijakatwa yangu ilivunjika form one vizuri tu. @Nesi kiungulia ninacho, nilikuwa nalaumu maharage.

Siku ya 11 leo. Nimeacha kidevu, mrija napuliza nyuma ya duka maana mbele wateja wananishangaa. Kiti changu nimekipata na kweli nilikuwa naongea juu, nikianza kutaja bei ndo naparamia kabisa. Leo kapiga yule yule wa Sengerema, nikasema "haloo" ya kushuka, akaniambia "shikamoo, naomba kuongea na yule mama wa cheni".

Nikamwambia katoka.